Ufunguo wa Njia ya Mawe

Nyinyi vijana mnaonikuta barazani hapa Ngokolo nikibishana na redio, huwa mnacheka. Juzi mmoja wenu aliniuliza, "Babu, na huko relini ulikuwa unabishana na nani?" Nikamjibu kwamba nilibishana na waya, jua na fisi. Akadhani natania. Basi kaeni niwaeleze, na nikisema jambo lisiloingia akilini, nikatizeni. Mtu asiyeulizwa maswali mwishowe huanza kuamini uongo wake mwenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kulinda mahali ambapo reli mbili zilikatana. Sisemi zilipoungana. Zilikatana, kama vijiti viwili ulivyovilaza kimoja juu ya kingine. Reli kubwa ni hii mnayoijua, itokayo Tabora kwenda Mwanza. Reli ndogo ilitoka kwenye machimbo ya mawe upande wa machweo, ikavuka ile kubwa, ikaishia kwenye uwanja wa kupakia kokoto upande wa pili. Najua mtauliza kwa nini hawakupakia kokoto hukohuko machimboni. Na mimi niliuliza. Upande ule masika uligeuka mbuga ya tope jeusi, hata punda alizama hadi tumboni. Nikaridhika. Si kila siku mtu huridhika.

Mahali penyewe ni kati ya Isaka na Shinyanga. Ukipita leo huoni kitu. Wakati huo, miaka ya hamsini ikiwa ndiyo kwanza inaanza, palikuwa na tuta, ngazi ya mataruma, yaani magogo ya kulazia reli, yaliyochakaa, kibanda cha bati, simu ya ukutani, na mimi.

Ufunguo ulikuwa mmoja, wa shaba, mzito kama nyundo ya fundi viatu. Makufuli yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa kibandani, kwenye nyenzo za ishara za reli kubwa. La pili lilikuwa chini, kwenye geti la chuma lililoziba reli ndogo. Ufunguo ukiwa kibandani, treni kubwa zinaweza kuruhusiwa, na geti la reli ndogo halifunguki. Nikitaka kuivusha treni ya mawe, sharti kwanza niinue mikono ya ishara ya reli kubwa, vile vibao virefu vya juu ya nguzo, ili treni yoyote itakayokuja kutoka Tabora au Mwanza isimame mbali. Hapo ndipo kufuli linauachia ufunguo. Na ufunguo ukishatoka, nyenzo zinaganda. Hata uwe na nguvu za fahali, huzisogezi.

Mnaona akili yake? Kitu kimoja hakiwezi kuwa mahali pawili, basi hata mwenye usingizi au mlevi hawezi kuziruhusu treni mbili kwa pamoja. Siku niliyofundishwa hilo nilikaa chini nikalitafuta kosa, kwa kuwa ndiyo tabia yangu. Sikuliona. Nililiona baadaye, na kumbe lilikuwa na miguu.

Kanuni ilisema hivi: dereva wa treni ya mawe atasimamisha kichwa cha treni getini, atashuka yeye mwenyewe, atapanda tuta hadi kibandani, na atapokea ufunguo mkono kwa mkono. Si mchochea moto wake. Huyo haruhusiwi kuuacha moto wala breki. Mimi nitasema, "Shika njia." Yeye atasema, "Nimeshika." Atashuka, atafungua geti, atavuka, atalifunga geti nyuma yake, kisha atapanda tena tuta kuurudisha ufunguo. "Njia imerudi." "Imepokewa." Yale mataruma ya ngazi yalipangwa na mtu mwenye miguu mirefu ambaye hakuwahi kufikiria kwamba binadamu huzeeka.

Dereva mwenyewe alikuwa Mzee Pazi, Mzaramo, aliyekuja huku na kazi za reli zamani akaishia kwenye kile kichwa kidogo cha machimbo. Alikuwa mfupi, kofia yake ya kazi imegeuka rangi ya vumbi, na goti la kulia lilimwuma tangu behewa lilipomgonga ujanani. Mimi Msukuma wa Mhunze. Mzaramo na Msukuma ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipobeba mizigo hadi pwani. Kwa hiyo, ingawa alikuwa na umri wa baba yangu na nilimpa shikamoo yake kila siku, baada ya marahaba heshima ilikuwa imekwisha.

"Mwangaluka, Bwana Kwanini!" alikuwa akisema alasiri, akihema mlangoni.

"Shikamoo, Mzee. Mwangaluka ni ya asubuhi. Saa hizi watu wanasema mwadila."

"Marahaba. Nyinyi mnajuaje asubuhi imekwisha, na wote mko nyuma ya ng'ombe? Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

"Michembe yangu iko wapi?"

"Bado iko juani. Viazi havikauki kwa siku moja."

"Mwaka mzima iko juani! Hiyo si michembe tena, hiyo ni kokoto. Nipakie kwenye behewa."

"Nyinyi wa pwani mkila kitu kisicho na nazi mnaumwa."

"Babu yako alikuja kwetu na pembe ya ndovu begani, akapewa nazi, akaila na maganda yake. Uliza kwenu. Haya, naomba njia."

"Shika njia."

"Nimeshika. Na hilo bati lako linavuja."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya siku. Nawaambia kwa urefu ili mjue ukubwa wake. Ukiyatoa hayo, kilichobaki ni karani wa simu wa Isaka, aliyesema "Imetoka" kila treni ilipoondoka kwake, akakata, na wachungaji waliopita na ng'ombe wakanitazama kwa huruma. Mmoja aliniuliza mbele ya wenzake, "Ulisoma mpaka Uganda, ukarudi kulinda geti? Na hata si geti la ng'ombe?"

Ni kweli nilisoma Uganda, chuo kikuu, ila niliondoka bila shahada. Mkufunzi mmoja aliniuliza kama nilikuja pale kusoma au kubishana. Nikamwambia sikujua kwamba ni vitu viwili. Baadaye reli waliniajiri ofisini Tabora, nikawauliza mambo mawili matatu kuhusu jinsi ofisi ile ilivyoendeshwa, na mkubwa wangu akanitafutia kituo ambacho hakikuwa na mtu wa kubishana naye. Alikuwa mtu mwerevu, namsifu.

Sasa mambo ya kazi, maana huenda mmoja wenu ataajiriwa relini. Mkono wa ishara huvutwa kwa waya mrefu, na waya wa chuma hurefuka juani. Asubuhi, umande ungalipo, waya umekaza kama uzi wa zeze. Adhuhuri umelegea, unavuta wenzo mpaka mwisho na mkono kule mbali unashuka nusu tu. Dereva akiona mkono wa nusu, hajui kama umempa njia au umemnyima, na kanuni inamtaka asimame. Kwa hiyo kuna skrubu ya kukazia. Niliambiwa niikaze "jua likipanda". Jua likipanda kiasi gani? Hakuna aliyejua. Nikachora alama za mkaa ukutani kila waya ulipolegea, mpaka nikajua kivuli cha mlango kikigusa mguu wa kiti, ni wakati wa skrubu. Lakini usisahau kuilegeza jioni. Waya ukipoa umekazwa, utaushusha mkono wenyewe bila wewe.

Wazee wa gangi ya kukarabati reli walinifundisha kulaza sikio kwenye chuma ili nisikie treni ingali mbali. Nililijaribu hilo kwa miezi. Nilichosikia ni moyo wangu, na siku moja siafu. Wala msiweke sikio kwenye reli adhuhuri, mtaliacha hapo.

Fisi walikuwa wa kweli. Grisi tuliyopaka kwenye vigurudumu vya waya nadhani ilikuwa na mafuta ya ng'ombe, kwa sababu kila asubuhi nilikuta vigurudumu vimelambwa vikang'aa kama sahani ya sherehe, na waya unalia kama mtoto. Nikaichanganya grisi na mafuta ya taa. Fisi alikuja mara moja, nikaziona nyayo zake zikiondoka kwa haraka kuliko zilivyokuja. Mzee Pazi alisema hata fisi wa Usukuma wana njaa.

Watu nao walikata waya wapate mitego ya swala. Lakini hapo ndipo nilipoupenda ule mtambo. Waya ukikatika, uzito ulio nyuma ya mkono unauinua, na mkono ukiinuka maana yake ni moja: simama. Kila kitu pale kilitengenezwa hivyo, kikiharibika kinasema simama. Shuleni nilifundishwa na watu wengi wasiofikiri kwamba wanaweza kukosea. Huu ulikuwa mtambo wa kwanza nilioujua uliofikiria kwamba unaweza kukosea.

Upweke wenyewe sijui niwaeleze vipi. Labda kwa wimbo. Treni ya abiria kwenda Mwanza ilibeba vijana wengi waliokuwa wakielekea Geita kwenye dhahabu, na karibu kila mara waliimba. Sasa treni ikipita, wimbo unaupata vipandevipande. Behewa la kwanza linakupa mwanzo, la pili linakupa neno moja, la mwisho limeshaanza wimbo mwingine. Wananipungia mikono kama tunajuana. Baadaye vumbi linatua, na unabaki na nusu mstari kichwani mpaka treni ya siku nyingine. Kuna wimbo mmoja niliusikia misimu miwili, na mpaka leo sijui unaishaje.

Siku lile kosa lilipojitokeza, ulikuwa wakati wa kipupwe, na baridi ile ya asubuhi ilikuwa imelivimbisha goti la Mzee Pazi. Alipanda akauchukua ufunguo bila kuniuliza habari za mama, nikajua hali si nzuri. Akashuka kwa kukalia taruma moja baada ya jingine. Akavuka, akalifunga geti. Nilimwona kutoka dirishani akilitazama tuta, akiweka mguu kwenye taruma la kwanza, akiuondoa. Kisha akarudi kwenye kichwa chake, akaondoka nacho kwenda uwanja wa kupakia. Alikuwa amejiambia kwamba atapumzisha goti wakati kokoto zinapakuliwa, na ufunguo ataurudisha akigeuka. Hesabu yake ilikuwa nzuri isipokuwa kwa jambo moja. Simu ililia. "Imetoka," alisema karani wa Isaka, akakata.

Treni ya abiria ilikuja ikasimama mbele ya mkono wa ishara, na mimi sikuwa na namna. Geti limefungwa, njia tupu, kila mtu anaiona tupu, lakini nyenzo zimeganda kwa sababu ufunguo umo mfukoni mwa Mzaramo. Dereva wa treni kubwa alipiga filimbi mpaka akachoka. Nikamweleza hali ilivyo, nikatoka mbio kwenda uwanjani kwa miguu.

Niliporudi na ufunguo sikupatambua mahali pangu pa kazi. Abiria walikuwa wameshuka. Akina mama wamewasha moto kando ya tuta na uji unachemka. Wachungaji wangu, walewale wa kunihurumia, wameleta maziwa kwenye vibuyu na wanauza. Mtu alikuwa amefua shati na kulianika kwenye waya wangu wa ishara. Dereva wa treni kubwa amekaa kwenye taruma na kikombe mkononi. "Chukua muda wako, ndugu," aliniambia. "Maziwa ya hapa si mabaya."

Tulicheka wote, na kicheko hicho hakikudumu. Habari zilifika machimboni. Mkuu wa machimbo alimwita Mzee Pazi akamwambia mbele ya watu: likitokea tena, au goti likishindwa tena, kesho yake apande treni arudi kwao.

Aliniambia hayo mlangoni kwangu, ameegemea fremu.

"Kwetu wapi, Bwana Kwanini? Wewe unayeuliza, niambie."

"Si pwani, Mzee?"

"Pwani aliyenijua alishakufa. Mtu wangu yuko hapa."

Mkewe alikuwa amezikwa Shinyanga miaka michache kabla sijafika pale. Kila Ijumaa, siku yake ya mapumziko, Mzee alipanda lori la machimbo kwenda mjini, akasali, kisha akaenda kung'oa majani kaburini. Chumba chake kilikuwa cha machimbo, na lori vilevile. Wakimfukuza, angepoteza chumba, lori na ile Ijumaa yake.

"Basi naomba njia," alisema. Nikampa, nikamtazama akishuka.

Nilikaa na swali moja siku nyingi. Kwa nini lazima ashuke? Ufunguo unazuia treni mbili kugongana, sawa. Lakini kinachozuia si shaba yenyewe, ni kule kutowezekana kwa mambo mawili kwa pamoja. Hilo linaweza kufanywa na kitu kingine. Nikachukua chaki nikachora sakafuni: wenzo wa tatu kibandani wa kufungulia geti kutoka huku juu, ishara ya reli ndogo ili dereva aione njia yake kwa mbali, na chini ya nyenzo zote upau wa chuma wenye makato. Ukivuta wenzo wa reli kubwa, upau unasogea unaubana wa geti. Ukivuta wa geti, upau unaubana wa reli kubwa. Ni ufunguo uleule, ila hauondoki nyumbani.

Inspekta wa ishara alikuja kwa toroli yake ya reli kukagua. Alikuwa Singasinga, mzee kidogo, tukimwita Bwana Sardari. Ndiye aliyenifundisha kazi mwanzoni, na ndiye mtu pekee relini ambaye maswali yangu hayakumkasirisha. Alisimama mlangoni akatazama sakafu.

"Hii nini?"

"Swali, Bwana Inspekta."

"Swali lina waya?"

Nikamweleza. Akavua viatu ili asifute chaki, akachuchumaa.

"Ufunguo nafanya kazi tangu wewe haijazaliwa."

"Ufunguo unafanya kazi. Goti ndilo halifanyi."

"Hm. Waya ya geti nakatika?"

"Geti linajifunga kwa uzito wake."

"Jua nalegeza waya?"

"Geti halifunguki, treni ya mawe inasubiri. Hasara ni muda."

"Ng'ombe nalala juu ya waya?"

Ng'ombe akiukalia waya anauvuta, na akiuvuta vya kutosha geti linafunguka bila mimi, na treni kubwa inakuja. Usukumani, mtambo usiomfikiria ng'ombe haujafikiriwa. Tulikaa sakafuni wote wawili, tukila njugu zake, mpaka yeye akasema mabomba badala ya waya, maana ng'ombe akiyalalia hayavutiki, nami nikasema yazikwe, naye akasema yasizikwe, yatashika kutu, yapite kwenye vifereji vya mawe. Tukafuta waya tukachora mabomba. Kabla ya kuondoka aliinakili michoro ile mwenyewe.

Mafundi wa Tabora walikuja kiangazi wakajenga. Mabomba yalikuwa makuukuu, upau ulichongwa kutoka kipande cha reli. Makufuli yote mawili yaling'olewa. Ufunguo, Bwana Sardari aliniachia. "Haina kufuli sasa," alisema. "Tundika." Nikautundika kwenye msumari kando ya simu.

Siku ya kwanza Mzee Pazi alikuja, akapiga filimbi fupi. Nikainua ishara za reli kubwa, nikavuta wenzo wa geti, nikashusha mkono wa ishara yake. Treni ya mawe ikapita taratibu bila kusimama, naye ameketi, goti limenyooshwa juu ya sanduku. Alivua kofia akaipunga. Nilipiga makofi peke yangu kibandani. Mkuu wa machimbo hakulitaja tena lile goti. Mzee alibaki na chumba chake na Ijumaa yake mpaka machimbo yalipofungwa, na hata baada ya hapo hakuondoka Shinyanga.

Siku ya pili alipunga kofia. Siku ya tatu vilevile. Kama siku ya nne hivi, nilijikuta nimesimama mlangoni nikiitazama ngazi.

Nilikuwa nimefikiria waya, jua, kutu na ng'ombe. Hili sikulifikiria. Na msinielewe vibaya: mpaka leo nasema mtambo ule ulikuwa sahihi, na ningeulizwa tena ningeuchora tena. Jambo linaweza kuwa sahihi na likakunyima mtu wa kuongea naye. Nilianza kuzungumza na nyenzo, na kibaya zaidi, nilikuwa nakubaliana nazo.

Wakati uleule mama akaniletea michembe. Ndiyo, michembe yenyewe hatimaye, mfuko uliojaa, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa mpaka vikawa vigumu kama mbao. Alimpa binamu yangu mwenye baiskeli, na ujumbe: "Ya yule mtani wako wa pwani, asije akasema Wasukuma ni wachoyo." Lakini nitampaje? Treni ikikaribia siruhusiwi kuziacha nyenzo, naye akipita yuko chini na anaenda. Ijumaa yeye yuko mjini na mimi niko zamu. Nikautundika mfuko kando ya ufunguo. Nikasema iko siku.

Mvua za kwanza zilipokaribia, binamu yule alirudi, safari hii bila mfuko. Mama alikuwa amefariki. Aliletwa mtu wa kunishikia zamu, nikaenda Mhunze, nikafika kaburi limeshafunikwa, maana kwetu hawangoji. Nilikaa matanga siku chache kati ya ndugu ambao hawakujua waniambie nini, nami sikujua niwajibu nini. Kisha nikarudi kibandani. Yule mwenzangu alinikabidhi zamu, akasema pole, akapanda toroli. Simu ikalia. "Imetoka." Maisha yakaendelea kama kawaida, na hilo ndilo lililoniuma kuliko kaburi.

Kesho yake nikasikia filimbi fupi. Nikatengeneza njia: ishara za reli kubwa juu, geti wazi, mkono wa reli ndogo chini. Treni ya mawe ikaja mpaka getini. Ikasimama.

Nikatoka mlangoni. "Njia ni yako, Mzee! Pita!"

Mzee Pazi alikuwa ameshashuka. Alisema neno kwa mchochea moto wake, akaja kwenye ngazi, akaanza kupanda. Mguu wa kushoto, kisha anauvuta wa kulia. Taruma kwa taruma.

"Mzee, goti! Mkono umeshuka, huuoni?"

Alifika juu, jasho linamtiririka, akashika fremu.

"Nimeuona," alisema. "Mkono haujafiwa."

Akaingia, akakalia kiti changu, akavua kofia akaiweka gotini. Mwenzangu wa zamu alikuwa amempigia kelele habari hizo nilipokuwa Mhunze. Nilisimama pale. Nikangoja aseme pole kama wengine.

"Huyo mama yako," alisema, "ni mwizi."

"Mzee—"

"Nyamaza, mimi ni mtani, nina haki. Mwizi! Mwaka mzima ananiambia michembe iko juani, iko juani, kumbe anafunga virago akimbie nayo. Mwite hapa. Mwambie Pazi amekuja na kokoto zake, hapiti mtu hapa, mkubwa wala mdogo, mpaka nipewe haki yangu. Kwanza kaburi lenyewe mmelichimba fupi, nawajua Wasukuma mlivyo wavivu wa kuchimba, miguu imebaki nje inatafuta njia ya kurudi jikoni!"

Nilicheka. Kule Mhunze hakuna aliyeniambia neno moja la kunichekesha, na kicheko kilipotoka kilitoka na yote yaliyokuwa nyuma yake. Nililia kama mtoto, nimeegemea nyenzo. Yeye akaendelea kumtukana mama yangu kwa sauti ya juu, akimwita kila jina, na nilipomtazama naye mashavu yamelowa.

Alipotulia kidogo nikanyoosha mkono nikautungua mfuko, nikamwekea mapajani.

"Nini hii?"

"Haki yako. Aliituma wakati ule ulipoacha kupanda."

Akafungua. Akachukua kipande akakigeuza. "Amekausha mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Akakiuma, kikagoma, akakiuma tena kwa jino la pembeni. "Kigumu," alisema. "Sasa naamini ni chake." Akanipa kingine.

Simu ikalia. "Imetoka." Nikamwambia Mzee Pazi kwamba treni ya abiria inakuja, ateremke haraka avuke au tuifungie njia ya mawe.

"Fungia. Mpitishe mkubwa. Mimi niko msibani."

"Na mkuu wa machimbo?"

"Amfukuze mtu aliyekuwa msibani, tuone atazikwa na nani."

Nikauinua mkono wa ishara yake, nikalifunga geti, nikashusha ishara za reli kubwa. Treni ikapita na vijana wake wa Geita na wimbo wao wa vipandevipande, na dereva alituona wanaume wawili dirishani, midomo imejaa, nyuso zimelowa, tukimpungia. Sijui alifikiria nini.

Baadaye nikamtengenezea Mzee njia yake upya. Alisimama, akafunga mfuko vizuri akaubana kwapani, akavaa kofia. Alipofika mlangoni akageuka, akatazama msumari wa kando ya simu.

"Bwana Kwanini. Naomba njia."

Mkono wake ulikuwa umeshashuka, geti lilikuwa wazi, na ule ufunguo haukufungua kitu chochote duniani. Nilijua yote hayo. Nikautungua nikamwekea kiganjani.

"Shika njia."

"Nimeshika."

Akashuka taruma kwa taruma, akapanda kichwa chake, akavuka. Ufunguo aliondoka nao mfukoni na hakuurudisha, na safari hii hakuna treni iliyosimama.